Maji Yasiyo na Kingo

Zahrun katandaza ramani juu ya meza ya tenisi,
akaibana pembe nne: simu, funguo,
kikombe cha chai, kiatu cha mjukuu wake.
"Hapa," akasema, na kidole chake cha usonara,
chenye kovu la tindikali, kikatua kaskazini ya Uswidi
ambako kiwanda cha mbao kimefungwa,
vijana wamehama, na shule ina popo.
Nyumba arobaini na mbili.
Bei ya zote haifiki gereji tatu za Malmo.
Na mto. Mto unaopita katikati,
hata Januari, chini ya barafu, unatembea.

Sisi Wamandea ni watu wa mto.
Kwetu maji yaliyotuama hayabatizi.
Miaka kumi na tisa tunashuka nyuma ya uwanja wa mpira,
weupe toka utosini hadi unyayoni,
kuhani mbele na bendera ya hariri na kijiti cha mhadasi,
na wapiga makasia hupunguza mwendo, wakatupiga picha.
Mara moja walikuja polisi:
mtu alipiga simu kwamba wazee wanazamishwa.

"Huko," akasema Zahrun, "hakuna atakayepiga simu."
Akahesabu harusi za mwaka jana.
Alihesabu kwa mkono mmoja, na vidole vikabaki.
"Dini yetu ina mlango mmoja, nao ni wa kutokea.
Watoto wetu huonana mara mbili kwa mwaka,
kama binamu wa msibani.
Nani huchumbia msibani?"
Watu wakacheka. Mimi sikucheka.
Binti yangu Ranin alikuwa kando yangu,
na mfukoni mwake simu ya Henrik
ikitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka.

Ndipo akasimama shangazi Nadhima,
aliyekuwa akimenya chungwa tangu kikao kianze.
"Amara tulikuwa na mtaa wetu. Mtaa wa masonara.
Raha iliyoje! Harufu ya makaa, kila mlango jamaa.
Usiku ule walipokuja hawakuuliza njia.
Waliotawanyika mjini walitafutwa.
Sisi tulifikiwa."
Akatia kipande kinywani. Tukangoja ameze.
"Hakuna atakayepiga simu, umesema.
Na siku tutakapotaka mtu apige?
Na huo mji wako utakuwa na lango?
Nani atakaa langoni? Wewe,
uliyelala siku tisa kwenye benchi la uhamiaji,
ndiye utakayesema: huyu apite, huyu arudi?"

Zahrun hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.
Alisema polepole, akiitazama ramani:
"Nadhima, maji yasiyo na kingo si mto.
Ni kinamasi."

"Kinamasi!" Akacheka hadi akapaliwa.
"Na nani aliyetulea kama si kinamasi?
Karne kwa karne, katikati ya matete,
na nyati wa wengine, na swala za wengine,
babu yako akiwachongea mitumbwi
watu wasiokula naye chungu kimoja.
Tulikuwa hatuna kingo, Zahrun.
Tulikuwa."

Neno hilo la mwisho hakuna aliyejua
ni la upande gani. Nadhani hata yeye.

Bawabu wa shule akachungulia, akagonga saa yake:
sakafu inangoja kupigwa deki.
Tukapanga viti kumi kumi ukutani.
Mtoto akadai kiatu chake, kikaondolewa,
na ramani ikajikunja yenyewe,
ikaanzia kaskazini.

Mlangoni kulikuwa na karatasi ya majina.
Nimeandika langu, kwa penseli.
Palipoandikwa *watu wa nyumbani* nikasimama
hadi foleni ikaanza kukohoa nyuma yangu.
Ranin alikuwa nje, kwenye theluji,
simu sikioni, anacheka na mtu.
Nikairudisha penseli.
Pale nimepaacha hivyo hivyo.